Ijue Mashine Kabla ya Sasisho

Ingia saiba yoyote ya Githurai 45, ndani ya wadi ya Kiuu, utakuta kompyuta za kila rika zimepangwa meza moja. Deskitopu nene ya Core 2 Duo imebaki kwa ajili ya kuchapa tu. Kando yake kuna EliteBook mbili tatu zilizotoka Uingereza, zile tunazoziita ex-UK. Nyuma ya kaunta, mwenye saiba ana MacBook aliyoinunua kwa mwanafunzi wa Kenyatta University aliyekuwa anamaliza masomo. Zote zinadai masasisho, na hakuna sasisho moja linalozifaa zote.

Watu wengi huanzia kwenye faili. Fundi ana flashi yenye Windows, anaichomeka kwenye kila mashine inayoletwa, na ikikataa anatafuta flashi nyingine. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: soma mashine kwanza, sasisho litafuata. Na kwa kuwa kompyuta nyingi za huku hununuliwa zikiwa zimeshatumika, kuna jambo la ziada. Nambari ya kichakataji ndiyo inayoamua mashine itapata masasisho kwa miaka mingapi. Ukiisoma nambari hiyo ukiwa bado dukani, umechagua masasisho yako kabla hujatoa pesa.

## Kwa nini ujisumbue

Saiba ya mtaa hushika siri za watu: PIN za KRA, nywila za eCitizen, nakala za vitambulisho, barua za HELB. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za wengine achukue hatua za kiufundi za kuzilinda, na hatua ya kwanza kabisa ni mashine iliyosasishwa.

Hasara ya kuchelewa inajulikana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa huo na kufunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7. Sasisho lao lilikuwa limekaa miezi miwili likiwasubiri, nao hawakuliweka.

## Familia nne za vichakataji

Kila kichakataji kina orodha ya amri kinazozielewa, na muundo huo ndio unaoitwa usanifu. Mfumo endeshi uliotengenezwa kwa usanifu mmoja kwa kawaida hauwaki kwenye mwingine, hata kama laptopu zenyewe zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa mahitaji ya huku kwetu, familia ni nne.

x86 ya biti 32. Kwenye faili huandikwa x86, i386 au i686. Hapa ndipo zilipo Pentium 4 za mwanzo, Core Duo ya mwaka 2006, na zile laptopu ndogo za Atom N270 za mwaka 2008. Zimebaki chache, na watengenezaji wa mifumo wanazifungia mlango mmoja baada ya mwingine.

x86 ya biti 64. Huandikwa x64, x86-64 au amd64. Karibu kila kompyuta utakayoiona saiba ni ya familia hii: Core 2 Duo, Core i3, i5, i7 na Ryzen. Usishtuke ukiona amd64 kwenye faili na laptopu yako ni ya Intel. AMD ndiyo iliyobuni usanifu huu na kuuingiza sokoni mwaka 2003, Intel ikaufuata mwaka 2004. Faili ni ile ile kwa zote mbili.

ARM ya biti 64. Huandikwa arm64 au aarch64. Ni MacBook za M1 na zilizofuata, kuanzia Novemba 2020. Laptopu za Windows zenye Snapdragon X, zilizotoka mwaka 2024. Na Raspberry Pi 3, 4 na 5.

ARM ya biti 32. Huandikwa armhf, armv7 au armv6. Kwa kawaida utaikuta kwenye Raspberry Pi za mwanzo zilizobaki kwenye droo za wanafunzi wa uhandisi.

Shika kanuni hii, maana mengine yote yanaitegemea. Kwenye x86, kichakataji cha biti 64 kinaweza kuendesha mfumo wa biti 32, lakini cha biti 32 hakiwezi kuendesha mfumo wa biti 64. Kwa hiyo sasisho la kila mwezi hufuata mfumo uliomo ndani ya mashine, ilhali kuhamia mfumo mpya hufuata kichakataji.

## Kuisoma mashine

Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha chagua "System". Tafuta mstari wa "System type". Utakuta mojawapo ya majibu haya:

1. "64-bit operating system, x64-based processor". Masasisho yako ni ya x64.
2. "32-bit operating system, x64-based processor". Masasisho ya sasa ni ya x86, ila mashine ina uwezo zaidi ya mfumo uliowekewa.
3. "32-bit operating system, x86-based processor". Masasisho ni ya x86, na hakuna pengine pa kwenda ndani ya Windows.
4. "64-bit operating system, ARM-based processor". Masasisho ni ya arm64 peke yake.

Hali ya pili hupoteza pesa za watu bila wao kujua. Chukua laptopu ya RAM gigabaiti 8 ambayo iliwekewa Windows 10 ya biti 32 kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye flashi. Katika ukurasa huo huo, mstari wa "Installed RAM" utasema 8.00 GB, na kando yake 3.41 GB usable, au tarakimu inayokaribia hapo. Windows ya biti 32 haivuki gigabaiti 4 za RAM, na sehemu ya hizo nne huchukuliwa na vifaa vya ndani kama kadi ya picha. Mwenye mashine amelipia nane, anatumia tatu na ushei, kisha analalamika kwamba Chrome inakwama akifungua kurasa kadhaa.

Hakuna sasisho la kugeuza biti 32 kuwa biti 64. Ni kuhamisha faili zote kwenye diski nyingine, kisha kusakinisha upya. Habari njema ni kwamba leseni ya Windows 10 Pro ya biti 32 inakubaliwa na Windows 10 Pro ya biti 64 kwenye mashine ile ile, kwa hiyo hununui nyingine.

Ukitoka hapo, andika `winver` kwenye kisanduku cha kutafutia na ubonyeze Enter. Dirisha dogo litakuonyesha toleo, mathalani 22H2 au 24H2. Sasa una mambo matatu mkononi: familia ya kichakataji, biti za mfumo, na toleo. Yaandike kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila mashine, ukiongeza modeli na nambari kamili ya kichakataji. Saiba ya mashine kumi inahitaji ukurasa mmoja tu.

Kwenye Linux, fungua terminali na uandike `uname -m`. Jibu la x86_64 ni biti 64, i686 ni biti 32, na aarch64 ni ARM ya biti 64. Kwenye Mac, bonyeza nembo ya tufaha kisha "About This Mac". Ukiona "Chip" na jina Apple M1, M2 na kuendelea, ni ARM. Ukiona "Processor" na jina Intel, ni x86.

## Masasisho ya Windows: ya kuchukua na ya kuacha

Si kila kinachojitokeza kwenye Windows Update kina haraka sawa.

Sasisho la usalama la kila mwezi. Hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya kule, kwa hiyo mashine nyingi za saiba hulianza Jumatano asubuhi. Hili chukua kila mara. Hukusanya marekebisho ya miezi iliyopita, hivyo la karibuni linatosha hata kama umeruka mawili matatu.

Sasisho la majaribio la mwisho wa mwezi. Huandikwa "Preview". Yaliyomo yatakuja hata hivyo katika sasisho la Jumanne ya pili inayofuata. Kwa mashine ya kazi, liache.

Toleo jipya la mwaka. Ndilo linalobadilisha 23H2 kuwa 24H2, na kadhalika. Liwekee mashine moja kwanza, itumie wiki mbili tatu pamoja na printa na skana, ndipo uziguse nyingine. Usilicheleweshe bila mwisho, kwa sababu kila toleo la Windows 11 Home na Pro hupata masasisho ya usalama kwa miezi 24 tu.

Madereva ya hiari. Yamekaa chini ya "Optional updates". Kama sauti, Wi-Fi na printa zinafanya kazi, usiyaguse.

Sasisho la BIOS. Hili halifuati usanifu pekee, linafuata modeli yenyewe. BIOS ya EliteBook 840 G3 si ya 840 G4. Lichukue kwa mtengenezaji, kwa jina kamili la modeli.

Jambo moja zaidi kuhusu mashine zinazowaka kwa Secure Boot, yaani ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka. Vyeti vyake vya mwaka 2011 muda wake unaanza kuisha Juni 2026, na Microsoft inasambaza vipya kupitia masasisho ya kawaida. Mashine iliyozimwa masasisho na fundi "ili isisumbue" haitavipata.

## Ukilazimika kuchukua faili kwa mkono

Windows Update hukagua usanifu yenyewe kabla ya kupakua, na kwa hilo haikosei. Faili ya mkono ina nafasi yake pale mashine isipokuwa na intaneti, sasisho linapokwama mara kwa mara, au unapotaka kupakua mara moja na kupeleka kwa mashine kadhaa. Fanya hivi:

1. Pata nambari ya sasisho, ile inayoanza na KB.
2. Fungua Microsoft Update Catalog kwenye kivinjari na utafute nambari hiyo.
3. Utaletewa mistari mingi inayofanana. Soma kila mmoja hadi mwisho: kuna ya "x86-based Systems", ya "x64-based Systems" na ya "ARM64-based Systems". Iliyotajwa Server si yako.
4. Linganisha na daftari lako: biti za mfumo uliomo, kisha toleo.
5. Kagua jina la faili baada ya kupakua. Huanza na windows10.0 au windows11.0, hufuata kb na tarakimu zake, kisha usanifu, na mwisho wake ni .msu.

Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, katalogi inaweza kukupa faili mbili kwa sasisho moja. Zipakue zote na uziweke kwenye folda moja, kwa sababu ya pili inaitegemea ya kwanza.

Ukiona ujumbe "The update is not applicable to your computer", usirudie kubonyeza. Sababu huwa ni moja kati ya tatu: umechukua usanifu usio wako, umechukua toleo lisilo lako, au mashine tayari ina sasisho hilo au jipya zaidi. Rudi kwenye daftari.

Na faili ya Windows iliyopita kwenye magrupu ya Telegram, au iliyorithiwa kutoka flashi hadi flashi, usiisakinishe kwenye mashine ambayo mteja ataandikia nywila yake.

## Windows 10 baada ya Oktoba 2025

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na toleo lake la mwisho ni 22H2. Hapa ndipo nambari ya kichakataji inapoanza kuzungumza.

Windows 11 haina toleo la biti 32. Inataka RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwezo wa Secure Boot, na kichakataji kilichomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Kizazi unakisoma baada ya kistari: i5-6300U ni cha 6, i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Tarakimu zikianza na 1, soma mbili za kwanza: i5-10310U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Kwa AMD hesabu hii haifai. Tumia programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, nayo itakujibu ndiyo au hapana.

Katika laptopu za ex-UK, EliteBook 840 G3 huja na kizazi cha 6, G4 na cha 7, na G5 kwa kawaida na cha 8. Lakini usiishie kwenye jina la modeli. Baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Nambari ndiyo ushahidi.

Kama mashine yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, hamia Windows 11 ya x64 kupitia Windows Update na umalize. Kama ni ya kizazi cha 7 au ya zamani zaidi, chagua mojawapo ya njia hizi.

Kuongeza muda wa Windows 10. Microsoft ina mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Hulipii ukisawazisha mipangilio ya mashine na akaunti ya Microsoft. Vinginevyo ni dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, na akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Sharti mashine iwe na 22H2. Mpango huu ni wa matumizi ya nyumbani. Biashara ina wake, wa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Kwa saiba, hesabu hiyo haichukui muda kukuelekeza kwingine.

Kuhamia Linux. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, itapata masasisho hadi 2029, na kichakataji cha kizazi cha 6 kinaiendesha bila kutokwa jasho. Chukua faili ya biti 64. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, kisha jaribu kazi zako halisi: eCitizen, KUCCPS, printa, skana. Jaribu hasa fomu ya Excel ya iTax yenye makro, kwa kuwa makro za Excel hazielewani kila mara na LibreOffice. Mashine moja ibaki na Windows kwa ajili ya hiyo ikihitajika.

ChromeOS Flex. Inafaa mashine ambayo kazi yake yote iko kwenye kivinjari. Inakubali Intel na AMD za biti 64 pekee.

Kuitoa kwenye mtandao. Ile Core 2 Duo ya kuchapa inaweza kuendelea kuchapa bila intaneti, ukiipelekea faili kwa flashi iliyokaguliwa virusi.

Kuna fundi atakayekuambia anaweza kuruka masharti ya Windows 11 na kuiweka kwenye mashine yoyote. Kwa kizazi cha 6 itawaka, ni kweli, ila Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na kila toleo la mwaka utalipandisha kwa mkono. Kwa Core 2 Duo haitawaka kabisa: kuanzia 24H2, Windows 11 inadai amri ya kichakataji iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo haina. Hiyo hairukwi.

## Linux, Raspberry Pi na Mac

Kwenye Ubuntu, Mint na Debian, amri ya `sudo apt update` ikifuatwa na `sudo apt upgrade` huchagua usanifu yenyewe. Matatizo huja unapopakua faili ya .deb kwa mkono. Soma mwisho wa jina: _amd64, _i386, _arm64 au _armhf lazima ilingane na mfumo wako, na yenye _all huingia popote.

Mwenye mashine ya biti 32 ana nafasi finyu. Ubuntu iliacha kutoa faili ya kusakinisha deskitopu ya biti 32 kuanzia 17.10. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha i386, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Weka Debian 12, na anza kuweka akiba ya mashine nyingine.

Raspberry Pi ina mtego wake. Pi 4 inaweza kuwa na kiini cha biti 64 huku programu zote zilizo juu yake ni za biti 32, na `uname -m` itakujibu aarch64 bila kukuambia hilo. Amini jibu la `dpkg --print-architecture`. Likisema armhf, chukua programu za armhf. Likisema arm64, chukua za arm64.

Kwa Mac, faili ya kupandishia mfumo ni moja kwa Intel na kwa Apple, kwa hiyo huwezi kukosea usanifu. Unachoweza kukosea ni matarajio. MacBook Air ya 2017, ambayo bado inauzwa sana kama ya mtumba, iliishia macOS 12 Monterey. Apple ilitangaza kwamba macOS 26 Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, tena kwa modeli chache tu. Ukinunua Mac leo, nunua ya M1 kwenda juu.

## Kabla ya kubadilisha biti, kagua printa

Windows ya biti 64 haikubali dereva la biti 32. Programu ya kawaida ya biti 32 itaendelea kufanya kazi, lakini printa au skana ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kutoa dereva la x64 itageuka pambo. Tafuta dereva hilo, lipakue na ulihifadhi kabla hujafuta mfumo wa zamani.

Maduka ya dawa na hadwea zenye programu za mauzo za enzi ya DOS yawe makini zaidi. Programu za biti 16 hufanya kazi kwenye Windows ya biti 32, ila kwenye ya biti 64 hazifunguki. Hamisha kumbukumbu za biashara kwanza.

Laptopu za Windows zenye ARM nazo zina masharti yake. Windows 11 huendesha programu za x86 na x64 kwa kuziiga, nyingi bila tatizo, lakini madereva hayaigwi. Printa inahitaji dereva la arm64, au iwe inayokubali kuchapa kupitia mtandao bila dereva maalumu. Uliza hilo kabla ya kununua.

## Bando, stima na kalenda

Faili nzima ya Windows 11 huzidi gigabaiti 5. Mashine kumi zikiipakua kila moja kivyake, intaneti ya saiba itakwama siku nzima. Kwenye Windows Update ingia "Advanced options", kisha "Delivery Optimization", ruhusu kupakua kutoka mashine nyingine na uchague zilizo kwenye mtandao wako wa ndani pekee. Mashine moja ikishapakua, nyingine hugawana nayo badala ya kurudi intaneti kila moja. Mteja anayetumia hotspot ya simu naye aiweke kama "Metered connection", na bando lake halitamezwa na sasisho asiloliomba.

Stima ni jambo la pili. Sasisho la kila mwezi likikatizwa, mara nyingi Windows hurudi hali ya awali. BIOS ikikatizwa katikati, bodi inaweza kufa. Kabla ya BIOS, angalia tokeni zilizobaki kwenye mita, chomeka chaja, na uhakikishe betri ina chaji ya kutosha. Betri za laptopu za ex-UK zimechoka, hivyo betri pekee isiwe tegemeo. Deskitopu bila UPS usiiguse BIOS siku ya mvua na radi.

Kalenda ni ya tatu. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, na wiki ya mwisho ya Juni foleni hutoka nje ya mlango. Siku za maombi ya KUCCPS nazo ni hivyo hivyo. Wiki hizo chukua masasisho ya usalama pekee, usiku baada ya kufunga. Toleo jipya la mwaka lisubiri Julai. Weka pia "Active hours" zilingane na saa zako za kazi, mashine isijizime mteja akiwa katikati ya fomu.

## Ukienda kununua

Iwe ni duka la Thika mjini, Ruiru au katikati ya Nairobi, usikubali mashine kabla haijawashwa mbele yako. Bonyeza Windows na X, fungua "System", usome nambari kamili ya kichakataji na mstari wa "System type". Andika `tpm.msc` na uone kama toleo la TPM ni 2.0. Haichukui hata dakika tano.

Muuzaji akikuambia "hii ni i5, iko sawa", muulize ni i5 ya kizazi gani. Laptopu ya kizazi cha 6 bado ni mashine nzuri kwa mtu wa Linux, wala si dhambi kuinunua. Ila isiuzwe kwa bei ya kizazi cha 8, kwa sababu unainunua ikiwa Windows 11 imeshaiacha. Tofauti hiyo ikate kwenye bei, na akikataa, nenda duka linalofuata.